Pumzi za Kinyozi

Kinyozi alikuwa mtu wa maneno, na hakuna aliyemlaumu, maana mteja akishafungwa shuka shingoni hana pa kukimbilia. Alinyoa huku akisimulia, akasimulia huku akitia chumvi, na mteja akicheka, chumvi iliongezwa. Hata kikundi cha wakimbiaji kilizaliwa humo humo dukani mwake, siku Mwalimu alipojitazama kwenye kioo kwa muda mrefu kuliko kawaida, akajishika kidevu na kuuliza, "Hivi hii shingo yote ni yangu?"

Wakakiita Jasho la Alfajiri. Alikuwamo huyo Mwalimu, aliyejifanya mwenyekiti bila kupigiwa kura kwa sababu kuamrisha watu ndiyo kazi yake. Alikuwamo Muuguzi wa zahanati ya jirani, mwanamke mkavu wa maneno asiyebembeleza mtu. Walikuwamo Fundi Bomba na wengine wachache wenye vitambi na nia njema. Kila mmoja alikimbia mtaani kwake kabla ya kwenda kazini, kisha wakapashana habari kwenye simu: nani ameongeza kona moja, nani goti linamsumbua, nani amekata tamaa na anahitaji kusukumwa kidogo. Na walisukumana kweli. Mtu aliyefika mwisho wa ukuta wa shule na kurudi akichechemea alipongezwa kana kwamba amerudi na kombe.

Mwanzoni walitumiana ramani, zile ambazo simu inachora yenyewe ukitembea nayo mfukoni. Ikawa Fundi Bomba anawaacha wote mbali kila siku, mpaka Mwalimu alipokaa na kalamu, akapiga hesabu, na kutangaza kwamba kwa mwendo ule askari wa barabarani wangekuwa wameshamwandikia faini. Kumbe Fundi Bomba alikuwa juu ya pikipiki, anakwenda zake kazini na mabomba yamefungwa nyuma. Walimcheka wiki nzima, naye akacheka nao, yakaisha. Ramani zikapigwa marufuku. Kanuni mpya ikawa hii: ukimaliza kukimbia, papo hapo uliposimama, kabla hata ya kunywa maji, unarekodi pumzi zako na kuwatumia wenzako. Mwalimu alisema mapafu hayajui kudanganya. Alikuwa hajamjua kinyozi vizuri.

Kanuni ya pili ilikuwa ya mapacha. Waligawanywa wawili wawili kwa kuokota vikaratasi kwenye kofia. Pacha wa kwanza anatoka, anakimbia, anatuma pumzi, na pumzi hizo ndizo zinazomtoa wa pili nyumbani kwake. Asiyepokea pumzi hatoki. Kwa hiyo mtu hakuweza kuvuta blanketi kwa raha, akijua kuna mwenzake upande wa pili wa mji ameshafunga kamba za viatu na anamsubiri yeye.

Kinyozi alipofungua kikaratasi chake na kukisoma kwa sauti, duka zima lilivunjika mbavu. Alikuwa amemwokota mama mkwe wake.

Mama mkwe huyo alikuwa fundi cherehani, na alikuwa mjane. Tangu afiwe na mumewe alikuwa hatoki. Alikaa kwenye chumba chake cha kushonea, dirisha limefungwa, akikanyaga pedali, na huo ndio ulikuwa mwendo wake wote wa siku. Muuguzi alimpima presha akamwambia bila kuzunguka kwamba asipoinuka hapo alipokaa, atamfuata marehemu. Kinyozi ndiye aliyemwingiza kikundini, wakiwa mezani, mbele ya mkewe, kwa mbwembwe zake zote: "Mama, wewe njoo tu. Mimi nipo." Alisema hivyo kwa sababu ni rahisi kusema. Hakujua kofia ya Mwalimu ingempeleka mpaka kwenye sikio la mkwewe. Mtu na mama mkwe wake hata kupiga chafya wanaombana radhi, sasa ndiyo amhemee kila asubuhi?

Lakini wakazoea. Yeye alimwita Mama, naye akamwita mkwe wangu, kwa ile sauti ya mtu anayewaonyesha wageni kitu chake kizuri.

Na tusimwonee kinyozi: mwanzoni alikimbia. Alirudi nyumbani fulana imelowa, akapanda ngazi hadi ghorofa ya juu walikoishi, akajiona mwanamume miongoni mwa wanaume. Kisha ikaja asubuhi moja ya manyunyu. Alizima kengele ya simu, akajiambia anafumba macho kidogo tu, na alipoyafumbua kulikuwa kumeshakucha na ujumbe umeingia: "Mkwe wangu, kwema? Nimeshavaa viatu, nipo mlangoni."

Angeandika tu kwamba amepitiwa na usingizi. Ni maneno machache, na hayajaua mtu. Ila aliona haya. Jana yake tu alikuwa amemhutubia mama wa watu juu ya kutojionea huruma. Basi akatoka na kaptula ya kulalia, akashuka ngazi mbio mpaka chini, akapanda mbio mpaka juu, na hapo mlangoni pake, moyo ukimdunda, akarekodi.

Jibu lilikuja kwa sauti. "Na mvua yote hii, mkwe wangu! Basi na mimi natoka. Sikubali kushindwa na wewe."

Kinyozi aliketi kwenye ngazi na simu mkononi, akairudia sauti ile mara ya pili. Aliona aibu, na aliitambua kuwa ni aibu. Akaapa kwamba ni leo tu.

Siku ile angalau alipanda ngazi. Baadaye ngazi zikawa nyingi mno, akawa anarukaruka sebuleni miguu mitupu ili jirani wa chini asigonge dari. Halafu sebule nayo ikawa mbali. Mwishowe alikuwa akiifanya kazi yote ameketi ukingoni mwa kitanda, blanketi mabegani, na kwa kweli alikuwa fundi. Alianza taratibu, akameza mate katikati, akakohoa pale pa kukohoa, akafungua dirisha ili kelele za barabarani ziingie kidogo. "Nimemaliza, Mama," alisema kwa sauti iliyokatikakatika. "Zamu yako." Kisha akarudi kulala.

Asubuhi moja mkewe aliamka akamkuta katikati ya shughuli hiyo.

"Wewe, unafanya nini?"

Alimpungia mkono anyamaze, akamaliza, akatuma.

"Unamhemea mama yangu kitandani," mkewe alisema polepole, kama asiyeamini masikio yake. Alianza kucheka, na kicheko kikamfia mdomoni. "Anakuamini, unajua? Juzi kamwambia shangazi kwamba bila wewe angekuwa bado amejifungia ndani."

"Si anakimbia lakini? Anakimbia. Presha imeshuka, Muuguzi mwenyewe kasema. Ubaya uko wapi?"

"Kama hakuna ubaya, mwambie."

Kinyozi akajitia kutafuta soksi.

"Mimi simwambii," mkewe alisema na kumgeuzia mgongo. "Sitamvunja moyo mama yangu kwa kosa lako. Utamvunja mwenyewe, siku utakayoona inafaa."

Siku hazikufaa. Kila siku ilikuwa na sababu yake, na sababu kubwa ilikuwa kwamba mama mkwe alizidi kuwa hodari. Mwanzoni alifika kwenye kona tu, akasimama, akashika kiuno. Baada ya muda akawa anafika kwenye tangi la maji. Kisha akaanza kulizunguka lile tangi na kurudi bila kusimama, na pumzi zake, zilipoingia kwenye simu, zilikuwa nzito na za mpangilio, za mtu anayejua anachofanya. Kikundi kizima kilimshangilia. Mwalimu aliandika kwa herufi kubwa kwamba hawa ndio mapacha wa kuigwa. Na kinyozi, badala ya kujificha mahali, akaanza kutoa ushauri: Mama legeza mabega, Mama usikanyage kwa kisigino. Dukani alisimulia mbio ambazo miguu yake haikuzijua, na wateja wakamwitikia. Usiku hakulala vizuri, lakini mchana hakuna aliyejua.

Kilichomuuma zaidi ni zile shukrani. "Leo nilikuwa nataka kulala," mama mkwe alisema kwenye simu. "Nikasikia pumzi zako, nikajiona mvivu, nikainuka. Mungu akuzidishie, mkwe wangu." Kinyozi aliisikiliza sauti hiyo akiwa na mashine mkononi na kichwa cha mteja nusu kimenyolewa, nusu bado. Alitamani ardhi ipasuke immeze pamoja na kiti.

Basi mji ukatangaza mbio. Zilikuwa mbio za wawili wawili: wa kwanza anatoka uwanjani hadi darajani, hapo anamvisha mwenzake mkanda mwekundu wa mkononi, na wa pili anarudi nao uwanjani kwa barabara nyingine. Barabara zingefungwa asubuhi, na wakati ukifika zingefunguliwa kwa magari. Ambaye hajapokea mkanda mpaka muda huo, basi tena, hakimbii.

Kabla kinyozi hajavaa miwani akasoma vizuri, mama mkwe alikuwa ameshaandika kikundini: "Mimi na mkwe wangu tumo."

Alimpigia baadaye kumweleza sababu. "Nimechoka kuitwa maskini," alisema. "Nikipita sokoni, maskini yule. Nikienda kwa watu, maskini, mumewe alikuwa mtu mzuri. Nataka wanione nikiingia pale uwanjani kwa miguu yangu, mbele ya watu, wapate kitu kingine cha kusema. Nikikipata hicho sitaki kingine."

Kinyozi alisema, "Utaingia, Mama." Angesema nini?

Alikuwa bado na muda wa kujirekebisha, na alijaribu. Alitoka siku moja kabla jua halijachomoza, akafika kwenye kona ya duka la dawa, na hapo kichomi kikamshika mbavuni. Akainama. Mteja wake mmoja akapita anakwenda kazini, akamwona, akasema, "Aa, bingwa! Ndiyo unamaliza?" Kinyozi akasema ndiyo, ndiyo anamaliza, akarudi nyumbani akitembea. Siku ya pili aliona mtu mwingine anayemjua kabla hata hajafika konani. Alikuwa amejipalia makaa: hakuweza kujifunza kukimbia, kwa sababu mtaa mzima ulijua kwamba anajua. Hakutoka tena.

Wakaitwa kwenda kupimwa fulana, yeye na mkewe, kwenye kile chumba cha kushonea. Dirisha siku hizi lilikuwa wazi. Viatu vya kukimbilia vilikuwa mlangoni, vina tope. Mama mkwe, kwa heshima, hakumpima mkwewe kwa mkono wake. Alimpa binti yake utepe, yeye akasimama pembeni na pini mdomoni, akisikiliza namba. Alikuwa amewahi kumshonea suruali na vipimo vyake alivikumbuka.

"Rudia kiuno," alisema.

Binti akarudia kiuno. Namba ikawa ile ile, kubwa.

"Kimeongezeka," mama mkwe alisema, akakunja uso. Kinyozi alihisi masikio yake yakiwaka. Kisha uso wa mama mkwe ukakunjuka. "Ni misuli hiyo. Mtu akikimbia sana mwili unajaa."

Mkewe akakohoa. Utepe ulikuwa bado umemzunguka kinyozi, na mkewe alikuwa ameushika ncha zote mbili, akimtazama machoni kwa karibu, kama anayemwambia haya, sasa.

"Mama," kinyozi alisema, "kuna jambo."

Mama mkwe akatoa pini mdomoni ili asikilize vizuri. "Sema, mkwe wangu."

Akamtazama. Mwanamke huyu alikuwa amenyooka mgongo, mashavu yamerudi, macho yana mwanga, na amesimama pale tayari kusikia jambo lolote kutoka kwake na kuliamini. Maneno yakageuka mdomoni.

"Goti. Linanisumbua kidogo."

"Ndiyo hilo tu?" Alicheka kwa kupoa moyo, akaenda kuleta dawa ya kuchua. "Usiogope. Ukishindwa kukimbia, njoo hata kwa kutembea, nitakungoja pale pale. Mradi ufike kabla hawajafungua barabara."

Mkewe aliufungua utepe, akaukunja, akaurudisha juu ya cherehani.

Siku ya mbio uwanja ulifurika. Fulana zao zilikuwa za njano, na mgongoni mama mkwe alikuwa ameshona kwa herufi kubwa nyekundu neno moja, MKWE, yake na ya kinyozi vile vile, kwa sababu, alivyosema, kila mmoja ni mkwe wa mwenzake na hakuna mkubwa. Watu walilipenda. Filimbi ilipolia, kinyozi akatoka nduki na wenzake huku pande zote zikipigwa kelele, "Mkwe! Mkwe!" na kwa muda mfupi, Mungu amsamehe, alifurahi. Alidhani pengine mwili nao umesikia zile hadithi zote ukaziamini.

Mwili haukuwa umeamini. Kabla ya kumaliza ukuta wa kiwanda cha sabuni kile kichomi kilirudi na nduguze. Kwenye mwinuko wa hospitali miguu ilikataa. Akaanza kutembea. Wakampita wazee waliokuja kwa mizaha, mama aliyekuwa akisukuma kigari cha mtoto naye akampita, na wote walisoma mgongo wake na kumtia moyo: "Jikaze, Mkwe! Mwenzako anakungoja!" Kila neno lilimchoma. Alijua anangojwa. Alimwona akilini kama yupo naye, amesimama darajani na mkono umenyooshwa.

Mwenye pikipiki mmoja aliyekuwa amejibanza kwenye kichochoro akamwita kwa sauti ya chini. "Kaka, panda nikusogeze. Nakupitisha huku nyuma, nakushusha karibu na daraja. Nani ataona?"

Kinyozi alisimama. Alitazama kiti cha pikipiki, akatazama barabara. Watu walikuwa kila mahali, na wote walikuwa wameshasoma neno lile. Akatikisa kichwa, akaendelea kutembea. Msimhesabie kuwa ni uadilifu. Ilikuwa haya tu, haya ya kuonekana, ile ile iliyomfikisha hapo. Na hata kwa hiyo alikosea hesabu, maana angepanda, mama mkwe angekimbia.

Alikuwa bado hajaliona daraja aliposikia filimbi za askari nyuma yake na honi ya gari la kwanza. Barabara ilikuwa imefunguliwa. Hapo ndipo akakimbia. Alikimbia pembezoni, honi zikimsukuma, mdomo wazi, mkono umeshika mbavu, na hakujali tena nani anamwona. Ndiyo mara ya kwanza tangu siku ya manyunyu kukimbia kwa ajili ya mtu.

Darajani walikuwa wakikunja meza. Mwalimu na Muuguzi, waliokwisha kukimbia zamu zao za kwanza, walikuwa wamesimama na mama mkwe kumliwaza. Yeye hakutaka kuliwazwa. Alikuwa kwenye mstari wake wa chokaa, ameipa mgongo barabara ya wanaokuja, mkono umenyooshwa nyuma kama Mwalimu alivyowafundisha.

"Mama, muda umekwisha," mwenye kusimamia alikuwa akimwambia. "Pole sana."

"Anakuja. Goti lilikuwa linamsumbua."

Kinyozi akafika, akaanguka kwa magoti kwenye lami. Alitaka kusema samahani ikashindikana, kwa kuwa hakukuwa na hewa ya kusemea. Kilichotoka ni mlio, wa kukwaruza na kupiga miluzi, unaokatika na kuanza upya.

Mama mkwe hakuutazama hata mkanda. Alisikiliza mlio ule, na rangi ikamtoka usoni.

"Hizi si pumzi zake," alisema. "Mimi nazijua pumzi zake, nazisikia kila siku. Muuguzi, njoo! Mkwe wangu anakufa!"

Muuguzi alichuchumaa, akamshika mkono, akahesabu, akamfunua jicho, akatega sikio kifuani kwake. Watu wakakusanyika. Mama mkwe alikuwa amempigia magoti upande wa pili, heshima yote ya ukwe ameisahau, amemshika bega na kumpepea kwa kofia yake mwenyewe. Muuguzi akainuka na kujifuta magoti.

"Hafi," alisema kwa ukavu wake. "Hana ugonjwa wowote. Hizi ni pumzi za mtu ambaye hajakimbia siku nyingi."

"Siku nyingi vipi?"

"Miezi, Mama. Kifua hakifichi."

"Muuguzi, nakuheshimu," mama mkwe alisema, akasimama wima, na sauti yake ikasikika mpaka kwenye meza zinazokunjwa. "Lakini usimseme mkwe wangu hivyo mbele za watu. Huyu anaamka kabla yangu. Mvua ikinyesha, anaamka. Wewe humsikii, mimi ndiye ninayemsikia. Asingekuwa yeye nisingekuwa hapa." Akamgeukia. "Mkwe wangu, mwambie."

Mwalimu alitazama chini. Yeye alikuwa ameshaelewa, na Muuguzi pia, na pengine hata yule msimamizi wa meza. Mmoja tu ndiye aliyekuwa bado hajaelewa, na ndiye aliyekuwa akimtetea. Kinyozi aliona kwamba hata sasa akisema neno dogo tu, goti, kifua, homa, mama huyu angelichukua na kupigana nalo na dunia nzima. Hilo ndilo lililomshinda. Hakuweza kumwacha asimame pale akichekwa moyoni na kila mtu kwa ajili yake.

"Mama, nilikuwa sikimbii."

"Leo?"

"Siku zote. Mwanzoni nilikimbia, kisha nikaacha. Zile pumzi nilikuwa nazitengeneza."

Magari yalipita. Mama mkwe alionekana kama anatafuta kitu alichokiweka mahali na hakioni.

"Siku ulipotimia mwaka tangu baba yenu afariki," alisema hatimaye, "sikutaka kuamka. Nilikuwa nimeamua kabisa, siamki. Ukanitumia pumzi. Nikazisikiliza, nikarudia, nikarudia tena. Nikasema, kuna mtu ameamka gizani kwa ajili yangu leo, siwezi kumwangusha." Akamtazama usoni. "Ulikuwa wapi?"

Kinyozi alikumbuka vizuri alikokuwa. Blanketi lilikuwa zito na mto ulikuwa na joto.

"Kitandani, Mama."

Hakupiga kelele. Kinyozi angeshukuru kama angepiga kelele. Mama mkwe aliinama, akaufungua mkanda mwekundu kwenye mkono wa mkwewe kwa vidole vya mtu aliyezoea kufungua vifungo vya watu, akaufunga kwenye mkono wake.

"Mama, barabara imefunguliwa," msimamizi alimkumbusha.

"Nimeona. Nitapita pembeni."

Akaondoka. Hakuwa na haraka. Alipita kando ya magari, mabega yamelegea, hakanyagi kwa kisigino, na Muuguzi akatupa jaketi lake kwa Mwalimu na kumfuata, kisha Mwalimu naye akafuata na majaketi yote mawili. Kinyozi alibaki kwenye lami na msimamizi, ambaye kwa huruma alimpa chupa ya maji na kujifanya ana shughuli na vyuma vya meza.

Alirudi uwanjani kwa miguu, njia ndefu, na fulana yake ameigeuza nje ndani. Aliwaza atakachosema. Alitunga maneno mazuri, maana kutunga alikuwa hodari, akayasikia yalivyo mazuri, akayatupa.

Alipofika, uwanja ulikuwa umepungua watu lakini haukuwa mtupu. Waliobaki walikuwa bado wanazungumza juu ya mama wa fulana ya njano aliyeingia peke yake baada ya wote, barabara imeshafunguliwa, akakimbia mpaka kwenye mstari na watu wakasimama kumpigia makofi. Hakuna aliyesema maskini. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye ngazi za jukwaa, binti yake akimfungua viatu, Muuguzi akimpima presha kwa macho. Uso wake ulikuwa umelowa na ulikuwa mzuri, na kinyozi alifurahi kwa ajili yake, akaona aibu hata ya kufurahi.

Mkewe alimwona kwanza. Akaendelea na kamba za viatu.

"Mama," kinyozi alisema, akasimama mbali kidogo, mikono mbele, kama siku ile alipokuja kuposa. "Nimekukosea. Sina la kujitetea."

Mama mkwe alimtazama kwa upole, jinsi anavyowatazama wateja waliokuja kuchukua nguo zao. Kisha akamwita kama anavyoitwa na mtaa mzima, na yeye katika miaka yote ya ndoa ile hakuwahi kumwita hivyo.

"Pole na safari, kinyozi," alisema. "Kesho usijisumbue kuamka. Nitatoka mwenyewe."

"Sawa, Mama," kinyozi alijibu, na mama mkwe akageuka kumwuliza binti yake kama maji yamebaki.